Mensa, Mesa, Meza: Herufi Moja Iliyoanguka na Neno Lililobaki

“Mensa non mesa.” Sema mensa, usiseme mesa. Mwalimu mmoja wa Kilatini aliuandika mstari huo karne nyingi zilizopita, katika orodha ya makosa aliyokuwa akiyasikia kwa watu kila siku. Jina lake halikuhifadhiwa. Orodha yake ilinusurika kwa sababu mtu aliinakili pamoja na maandishi mengine ya sarufi, na nakala hiyo sasa imetunzwa maktabani mjini Naples, Italia. Wanaisimu wanaiita Appendix Probi, yaani nyongeza ya Probus, ingawa Probus mwenyewe, mwanasarufi wa zamani, hakuiandika. Ina mistari 227, yote ya mtindo uleule: sema hivi, usiseme vile.

Naipenda sana orodha hii, kwa sababu ukiisoma ukiwa unajua Kihispania au Kiitaliano kidogo unaona kwamba mengi aliyoyakataza ndiyo yaliyoishi. Alisema sikio liitwe auris, si oricla. Leo Mhispania anasema oreja, Mfaransa oreille, Mreno orelha, Mromania ureche, na wote wamelitoa kwa oricla. Alisema jicho ni oculus, si oclus. Kutoka oclus tukapata ojo ya Kihispania, olho ya Kireno na occhio ya Kiitaliano. Na alisema mensa, si mesa. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunasema meza. Kila unapomwambia mtoto apanguse meza, unatumia neno lililokatazwa na mwalimu yule, lililosafiri kwa midomo ya wapishi, mabaharia na maseremala mpaka likafika kwetu.

Hiyo n iliangukia wapi? Jibu ni kwamba ilianza kuanguka zamani sana, kabla hata ya huyo mwalimu kuzaliwa. Lucius Cornelius Scipio alikuwa konsuli wa Roma, yaani mmoja wa watawala wakuu wawili wa mwaka, mwaka 259 KK. Kaburi la ukoo wake liko kando ya barabara ya Appia, na maandishi ya jeneza lake la mawe yanataja vyeo vyake hivi: aidiles, cosol, cesor. Vitabuni vyeo viwili vya mwisho ni consul na censor. Mchongaji wa mawe aliandika kama alivyosikia, na hakusikia n mbele ya s. Ukoo wa Scipio ulikuwa miongoni mwa koo kubwa kabisa za Roma, kwa hiyo huwezi kusema lilikuwa kosa la watu wasiosoma. Warumi waliendelea kufupisha consul kwa herufi COS kwa karne nyingi, ufupisho usio na n. Hata Cicero, msemaji aliyeheshimiwa kuliko wote, anatajwa na mwanasarufi mmoja wa kale kwamba alipenda kutamka foresia na hortesia mahali ambapo maandishi yalitaka forensia na hortensia.

Basi kanuni ni hii: katika Kilatini cha kusemwa, irabu iliyotangulia ns ilirefuka na kupita puani, kisha n yenyewe ikapotea, ikabaki s peke yake. Kanuni ya sauti haichagui neno moja na kuliacha jingine. Mensis, mwezi wa kalenda, ukawa mes kwa Mhispania, mese kwa Mwitaliano, mois kwa Mfaransa. Sponsa, mchumba, akawa esposa, sposa, épouse. Insula, kisiwa, kikawa isla, ilha, isola, île. Mansio, mahali pa kulala msafiri, pakawa maison kwa Wafaransa, nyumba, na mesón kwa Wahispania, nyumba ya wageni. Hapo pana mtego: mesón inafanana mno na mesa, na mtu angeapa kwamba nyumba ya wageni imeitwa hivyo kwa sababu ya meza zake. Sivyo. Ni maneno mawili tofauti yaliyopitia tundu moja yakatoka yamefanana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni pensare, kupima kwa mizani. Wananchi waliangusha n wakapata pesar, kupima uzito, na kutoka familia hiyohiyo peso, ambayo ikawa jina la fedha. Baadaye wasomi wakalirudia neno lilelile vitabuni, wakaliacha na n yake, na likawa pensar, kufikiri. Kwa hiyo katika Kihispania na Kireno kupima gunia na kupima jambo akilini ni neno moja lililoingia nyumba kwa milango miwili. Ukiona ns imekaa salama ndani ya neno la Kihispania au Kifaransa, mara nyingi ujue limeletwa na wasomi, halikurithiwa kutoka kwa mama.

Lakini tumwache kidogo mwalimu na n yake, kwa sababu maana ya neno nayo ina safari yake. Mensa haikuanza ikiwa samani ya miguu minne. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba linatokana na metior, kupima, ambalo umbo lake la kutendwa ni mensus, kilichopimwa. Mensa basi ilikuwa kilichopimwa: fungu la chakula la mtu, kisha mkate bapa uliowekewa chakula juu yake, na mwisho kile kinachokishika chakula. Kuna ushahidi wa pembeni. Katika lugha ya Kiumbria, ndugu ya Kilatini iliyokufa zamani, mabamba ya shaba ya Gubbio, mji wa Italia, yanataja mefa, mkate bapa wa sadaka, na wataalamu wengi wanaliona kuwa neno lilelile.

Na kuna hadithi. Katika Aeneis, utenzi wa Vergilius, Enea na wenzake waliokimbia Troya wanatabiriwa kwamba hawatajenga mji wao mpaka njaa iwafanye watafune meza zao. Ni utabiri wa kutisha; wanazunguka nao baharini miaka. Hatimaye wanafika mlango wa mto Tiber, wanaketi chini ya mti, wanatandaza mikate bapa ya ngano nyasini na kupanga matunda ya porini juu yake. Wanakula matunda. Njaa haijaisha, wanavunja na mikate. Hapo mtoto Iulus anasema, kama mzaha wa mtoto: “Heus, etiam mensas consumimus!” Jamani, tunakula hadi meza! Baba yake anashtuka. Utabiri umetimia, na nchi ndiyo hii. Mzaha wa Iulus unaeleweka tu ikiwa mkate ulioshika chakula unaweza kuitwa mensa, na msikilizaji wa Kirumi alielewa bila kufafanuliwa. Mtu aliyewahi kula mchuzi akaufuta kwa chapati mpaka sahani ikabaki safi atauelewa vilevile.

Kutoka hapo mensa ilienda pande mbili. Upande mmoja ilibaki na chakula: mensae secundae, meza za pili, zilikuwa matunda na vitamu vya mwisho wa mlo. Upande wa pili ikaenda sokoni, ikawa meza ya mbadilisha fedha, kisha ikawa benki. Hieronymus alipotengeneza Biblia ya Kilatini mwishoni mwa karne ya 4, katika Luka 19 yule bwana anamuuliza mtumwa kwa nini hakuipeleka fedha yake ad mensam, “mezani”, akimaanisha kwa watoa riba. Na Yesu alipopindua meza za wabadilisha fedha hekaluni, Kilatini kinasema mensas. Biblia yetu ya Kiswahili inasema meza. Watafsiri walitafuta tu neno la kawaida, na neno la kawaida lilikuwa lilelile. Katika Kigiriki cha leo benki bado inaitwa trapeza, meza. Na benki yetu, iliyotufikia kwa Kiingereza, asili yake ni banco au banca ya Waitaliano, benchi la mfanyabiashara wa fedha.

Sasa swali gumu: ikiwa mesa lilikuwa neno la watu wote, mbona Wafaransa wanasema table na Waitaliano tavola?

Maneno hayo yanatoka tabula, ambayo kwa Kilatini ilikuwa ubao. Ubao wa kuandikia, ubao wa hesabu, ubao wa sheria. Sheria za kwanza za Roma zilizoandikwa, za karibu mwaka 450 KK, ziliitwa Mbao Kumi na Mbili. Ukoo wa neno hili ni mkubwa, na kishikwambi kinachoitwa tablet kimo ndani yake. Sehemu nyingi za Ulaya ya kale meza ya kulia haikuwa samani ya kudumu: walitandika mbao juu ya viegemeo vya miti, watu wakala, mbao zikaondolewa. Ni rahisi kuona jinsi watu walivyoacha kusema “leteni meza” wakasema “leteni mbao”.

Ila hawakuacha wote. Chora ramani. Magharibi kabisa, Ureno na Hispania: mesa. Mashariki kabisa, Romania: masă. Kisiwani Sardinia: mesa. Katika mabonde ya milima ya Uswisi, kwa wasemaji wa Kiromanshi: maisa. Katikati, yaani Ufaransa, Italia na Katalunya (jimbo la Hispania linalopakana na Ufaransa): table, tavola, taula. Pembeni neno la zamani, katikati neno jipya. Na meza haiko peke yake. “Mzuri” pembeni ni formosus: Kihispania hermoso, Kireno formoso, Kiromania frumos, katikati ni bellus: beau na bello. “Zaidi” pembeni ni magis: más, mais, mai, katikati ni plus: plus na più. “Bega” pembeni ni humerus: hombro, ombro, umăr, katikati ni spatula: épaule, spalla.

Mtu wa Lisbon na mtu wa Bucharest hawajawahi kuwa majirani. Warumi walitia mguu Hispania mwaka 218 KK. Dakia, ambayo ndiyo sehemu ya Romania ya leo, waliiteka mwaka 106 BK na kuiacha karne iliyofuata. Wasingeweza kuambizana. Maelezo ya Mwitaliano Matteo Bartoli, mwanzoni mwa karne ya 20, ni kwamba neno jipya huzaliwa penye pilikapilika na kusambaa kama mawimbi bwawani ukirusha jiwe. Yakichoka kabla ya kufika ukingoni, ukingo hubaki na maji yake ya zamani. Kanuni hii si sheria ya chuma. Mkatalani, kwa mfano, anasema taula kama jirani zake wa kaskazini lakini anasema més, kutoka magis, kama jirani zake wa magharibi. Mpaka wa neno hili si mpaka wa neno lile. Hata hivyo kwa meza ramani inasomeka vizuri, na sijaona maelezo mengine yanayoifunika kama haya.

Katikati nako mensa haikufutika kabisa. Mafundi seremala wa Kifaransa wana moise, jozi ya mbao zinazobana nguzo za paa. Huyo ni mtoto halali wa mensa, amejificha darini. Italia wanayo mensa yenyewe, na n yake, lakini ni neno lililorudishwa kutoka vitabuni na kanisani. Leo kwa Mwitaliano mensa ni ukumbi wa chakula wa chuo au kiwanda, mahali pa trei na foleni.

Ukikaa na hawa watu wakati wa kula ndipo unapoona lugha moja zamani ilivyokuwa mioyo mingi. Mwitaliano anatenganisha tavolo, kile kitu cha mbao alichonunua dukani, na tavola, kitu kilekile kikishatandikwa na familia ikaitwa: “A tavola!” Akibadilisha irabu moja ya mwisho, mbao zinakuwa mlo. Mromania hahitaji hata hiyo. Masă ni meza na masă ni mlo: masa de prânz ni chakula cha mchana, a lua masa, neno kwa neno “kuchukua meza”, ni kula. Kwa Mfaransa, se mettre à table ni kukaa kula, lakini mitaani pia ni mshukiwa kukubali kusema yote mbele ya polisi.

Na kuna sobremesa. Tuseme Mreno amealikwa chakula cha mchana Madrid. Wamemaliza kula, mwenyeji anamwambia kwa furaha kwamba sasa ndio wakati wa sobremesa. Mreno anasubiri kitamu, kwa sababu kwao sobremesa ni keki, matunda, au wali wa maziwa wenye mdalasini. Dakika zinapita, hakuna sahani inayoletwa. Watu wameegemea viti, wanazungumza, wanacheka, kahawa inapoa. Hiyo ndiyo sobremesa ya Mhispania: muda wa kubaki mezani baada ya kula, na hakuna anayeondoka kwa haraka. Neno ni lilelile, herufi zilezile, “juu ya meza”. Mmoja alilitumia kwa kile kinachowekwa juu yake mwishoni, mwingine akalitumia kwa maneno yanayopita juu yake. Mensae secundae za Warumi zilikuwa na vyote viwili, na kila mrithi akachukua fungu lake.

Kwetu lilikujaje? Herufi z inatoa ushahidi. Mhispania anatamka mesa kwa s kali. Mreno huilainisha s iliyo kati ya irabu mbili, kwa hiyo mdomoni mwake mesa inasikika meza. Hata tusingekuwa na historia yoyote iliyoandikwa, sauti ingetuambia ni nani aliyetupa neno. Historia inakubali: Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, Ngome ya Yesu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1593, ikaangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Utawala wa Wareno ulikuwa wa mabavu na wengi waliulaani. Maneno yaliyobaki ni ya vitu vya mkononi: meza, kasha kutoka caixa (Kilatini capsa), leso kutoka lenço (linteum, kitambaa cha kitani), mvinyo kutoka vinho. Gereza ni igreja, kanisa. Ngome zilikuwa na kanisa ndani, kisha zikawa mahali pa kufungia watu. Karata nazo: wazee wanaopiga karata barazani wakitaja kopa, shupaza, pau na uru wanataja copas, espadas, paus na ouros, na hiyo uru ndani yake mna aurum, dhahabu ya Warumi.

Hapa lazima nionye, kwa sababu nimesikia makosa haya mara nyingi. Kitenzi kumeza hakina undugu wowote na meza, hata kama chakula kipo kwenye maneno yote mawili. Kumeza ni Kibantu tupu. Waganda wanasema okumira, Wanyarwanda kumira. Na pesa haitoki kwenye peso, ingawa sauti na maana vinakaribiana kiasi cha kumshawishi mtu yeyote. Inatoka paisa ya Wahindi, sarafu iliyozunguka pwani hii na biashara ya Bahari ya Hindi. Wajerumani walipotoa sarafu zao za shaba mwaka 1890 waliziita pesa, 64 kwa rupia moja. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa undugu. Tunaijua meza kuwa mjukuu wa mensa kwa sababu kila hatua ina kanuni inayofanya kazi kwenye maneno mengine pia: n ikaanguka kama kwenye mes, s ikalainika kama kila s ya Kireno iliyo kati ya irabu. Pesa haina njia kama hiyo ya kurudi Lisbon.

Kiswahili kikalifanya neno lake. Kililiweka katika ngeli ya I-ZI, meza hii, meza hizi, kikalipa kiambishi chetu cha mahali, na mezani ikaanza maisha yake. Nyumba nyingi za pwani chakula bado hukaa kwenye sinia, watu wakiwa mkekani, lakini Bungeni Dodoma mara nyingi taarifa rasmi za vikao zina kichwa “Hati zilizowasilishwa mezani”. Meza hiyo ni mamlaka ya Bunge lenyewe, na haina sahani hata moja.

Kuna mahali pamoja zaidi Afrika ambapo jambo hili limeacha alama. Mwaka 1503 António de Saldanha, nahodha Mreno, alipanda mlima bapa uliopo Cape Town na kuuita Taboa do Cabo, ubao wa rasi. Mreno, mwenye mesa yake nyumbani, akatumia tabula. Miaka 250 hivi baadaye mwanaastronomia Mfaransa, Nicolas-Louis de Lacaille, aliishi hapo kati ya 1751 na 1753 akihesabu nyota za kusini. Kundi moja hafifu alilipa jina la mlima ule, Montagne de la Table. Lilipogeuzwa Kilatini likawa Mons Mensae, na leo ni Mensa tu. Kando yake kuna wingu jeupe la nyota, Wingu Kubwa la Magellan, linalokaa kama ukungu unaotanda juu ya mlima wenyewe. Mtu wa Mtwara anaweza kulitafuta usiku wa Januari usio na mbalamwezi, chini upande wa kusini, mbali na taa. Nyota za Mensa ni dhaifu kiasi kwamba jicho hukutana na wingu kwanza. Ila jina lao lina n, kama mwalimu yule alivyotaka.